Molekuli Zinazobeba Chai ya Kericho na Bomet

Karani wa kituo cha kununulia majanichai hana darubini wala kemikali za kupimia. Mkulima akifika na mzigo wake, karani humwaga majani mezani na kutia mkono katikati ya rundo aone kama yamepata joto. Hutenga majani mawili na chipukizi na yale makuukuu yaliyokomaa, kisha hutazama kama kuna yaliyoanza kuwa mekundu pembeni. Mabaya hurudishwa. Mkulima aliyerauka kabla ya alfajiri na kuchuna kwenye umande huondoka na uchungu moyoni, hasa akiwa hajui ni kosa gani hasa lililompunguzia kilo.

Kanuni za kituo zinajulikana kwa kila familia ya wakulima, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Kapkoros. Chuna majani mawili na chipukizi. Usishindilie mzigo. Usiuache juani. Ufikishe mapema. Kinachosemwa kwa nadra ni sababu za kanuni hizo, na sababu zote zimo ndani ya seli za jani lenyewe, katika makundi manne ya molekuli ambayo viumbe vyote hai vimejengwa nayo: kabohaidreti, protini, lipidi na asidi nukleiki. Makundi hayo ndiyo yaliyomo katika mwili wa mchunaji, katika ng'ombe anayelisha kando ya shamba, na katika bakteria wanaogandisha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kibuyuni. Mkulima anastahili kuelezwa habari hizi kwa lugha anayoielewa, kwa sababu bonasi yake ya mwaka hutegemea jinsi molekuli hizo zinavyotunzwa kuanzia kichakani hadi kiwandani.

Vipande vidogo, minyororo mirefu

Wanasayansi wenyewe walichukua muda kukubali kwamba molekuli inaweza kuwa kubwa sana. Mwaka 1920, mkemia Mjerumani Hermann Staudinger aliandika kwamba vitu kama mpira ni minyororo mirefu ya vipande vidogo vilivyofungamana barabara. Wenzake wengi walimpinga, wakishikilia kwamba ni molekuli ndogo zilizokusanyika tu mahali pamoja. Ushahidi ulimwelemea kila mpinzani polepole, na mwaka 1953 Staudinger alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka huohuo James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin.

Wanawake wa Kipsigis wanaotunga shanga wataielewa kanuni hii upesi. Rangi ni chache, lakini mpangilio wake hauna mwisho, na mpangilio ndio unaotofautisha ushanga mmoja na mwingine. Protini zote za viumbe hai hutungwa kwa aina 20 hivi za asidi amino. DNA hutungwa kwa herufi nne tu za kikemia. Wanga na selulosi hutungwa kwa sukari moja, glukosi, na tofauti iko katika jinsi chembe moja ilivyofungwa kwa nyingine. Lipidi peke yake hazifuati mtindo huu: molekuli zake si minyororo ya namna hiyo, ila hujipanga pamoja kwa wingi kwa sababu hazipatani na maji.

Kabohaidreti: akiba iliyo chini ya ardhi

Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa Msitu wa Mau, na mvua yake imegawanyika karibu mwaka mzima. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa biashara kubwa eneo la Kericho. Kwa jani, hali hii ya hewa humaanisha jambo moja: kazi ya kutengeneza sukari haisimami kwa muda mrefu. Jani huvuta kaboni dioksidi hewani, hupokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari.

Sehemu ya sukari hiyo huungwa kuwa wanga na kuhifadhiwa, hasa mizizini. Akiba hii hujulikana thamani yake wakati wa kupogoa. Kila baada ya miaka michache kichaka cha chai hukatwa kikabaki vijiti, bila jani la kukilisha. Chipukizi za kwanza zinapotokea, chakula chake ni wanga uliomo mizizini. Kichaka kilichochoshwa na ukame, au kilichochunwa bila kupumzika, kinaweza kupogolewa na kisiamke tena. Wataalamu wa chai hukata kipande cha mzizi na kukidondoshea iodini. Kikigeuka rangi na kuwa buluu iliyokolea karibu na nyeusi, wanga upo wa kutosha. Ni jaribio lilelile analofanya mwanafunzi wa sekondari katika maabara ya baiolojia. Tofauti ni kwamba shambani jibu lake huamua kama familia itachuna tena baada ya miezi michache au itang'oa visiki.

Glukosi hiyohiyo ikifungwa kwa namna nyingine huwa selulosi, nyuzi ngumu zinazojenga kuta za seli. Jani changa lina kuta nyembamba. Likiachwa likomae, selulosi na vitu vingine vya kukaza mti huongezeka, na vile vinavyotoa rangi na ladha hupungua. Hapo ndipo inapotoka amri ya majani mawili na chipukizi, na pia mzunguko wa kurudi kwenye kichaka kilekile kila baada ya siku 7 hadi 14. Mkulima anayechelewa kurudi kwa wiki mbili zaidi hupata kilo nyingi, lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni nyuzi ambazo kikombe hakiwezi kuzionja. Mashine za kuchuna, ambazo zimezua mvutano mkali katika mashamba makubwa kwa sababu ya ajira, zina tatizo hili pia: wembe hukata vyote vilivyo kimo kimoja, haubagui changa na kuukuu.

Binadamu hatuna uwezo wa kuvunja selulosi tumboni. Ng'ombe anaweza, kwa msaada wa vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza. Hivyo nyasi za Bomet, ambazo zingetupita bure, hutufikia zikiwa maziwa.

Protini: mfanyakazi ambaye chai humtegemea

Molekuli inayoamua zaidi thamani ya chai nyeusi ni protini. Jina lake ni polifenoli oksidasi, kimeng'enya chenye atomi za shaba ndani yake. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kutumika zikaisha, na kila kimoja kina kazi yake maalumu. Kazi ya huyu ni kuunganisha oksijeni na katekini, vitu vya ukakasi vilivyojaa katika chipukizi changa la chai. Katika majani machanga yaliyokaushwa, katekini na jamaa zake huweza kufika robo ya uzito au zaidi.

Jani likiwa zima, wawili hawa hawakutani. Katekini hukaa katika kifuko kikubwa cha maji kilicho ndani ya seli, na kimeng'enya hukaa kwingine, vikitenganishwa na utando mwembamba. Kiwanda chote cha chai kimejengwa kwa ajili ya kuvikutanisha kwa wakati uliochaguliwa. Kwanza majani hutandazwa na kupulizwa hewa kwa saa nyingi, mara nyingi 12 hadi 18, yanyauke. Jani bichi ni maji kwa asilimia 75 hadi 80, na katika kunyauka hupoteza sehemu tu ya maji hayo. Wakati huohuo sehemu ya protini huvunjika na kuwa asidi amino, nazo huchangia harufu na ladha. Kisha majani hupita kati ya magurudumu yenye meno yanayoyakata, kuyachana na kuyaviringisha. Seli zinapasuka, katekini na kimeng'enya vinakutana, na oksijeni inaingia.

Kinachofuata ni hatua ya kuchachusha, ingawa hakuna bakteria wala chachu inayohusika. Kwa muda wa saa moja hadi mbili, kwenye ubaridi uliodhibitiwa, unga wa kijani huwa wa rangi ya shaba. Katekini huungana mbilimbili kuwa theaflavini, zinazoipa chai rangi angavu ya dhahabu na ule mkato wa ulimini, na nyingine huendelea kuwa tearubijini, zenye wekundu na uzito. E.A.H. Roberts, mkemia wa chai, ndiye aliyetenga na kuyapa majina mafungu hayo mawili katika miaka ya 1950. Waonjaji wanaoandaa mnada wa Mombasa hutazama mng'ao wa kikombe kabla hawajakitia mdomoni, na mng'ao huo ni kazi ya theaflavini.

Mwisho ni moto. Hewa ya joto kali hukausha chai hadi maji yaliyobaki ni karibu asilimia 3, na joto hilo huharibu umbo la kimeng'enya. Protini iliyopoteza umbo hupoteza kazi. Ndiyo maana chai ya kijani hutokana na kichaka kilekile: tofauti ni kwamba majani hupitishwa kwenye mvuke au joto mwanzoni kabisa, kimeng'enya kikafa kabla ya kukutana na katekini.

Turudi kwenye meza ya karani. Jani lililochunwa bado liko hai. Linapumua, linaunguza sukari yake, na linatoa joto. Likitandazwa, joto hutoroka. Likishindiliwa katika gunia la plastiki, joto hujikusanya, seli zinaminywa na kupasuka, na kimeng'enya huanza kazi pasipo mtu kukiamuru. Wekundu anaouona karani ni uchachushaji uliofanyika guniani, usiku au barabarani, ambao kiwanda hakiwezi kuufuta. Kwa sababu hiyo majani hubebwa katika vikapu au mifuko yenye matundu, na lori la kiwanda huyaning'iniza badala ya kuyarundika. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyotengenezwa. Kila kilo iliyoungua njiani ni hasara inayorudi kwenye bonasi ya wote wanaouza kwa kiwanda hicho.

Protini zina gharama nyingine, nayo hulipwa udongoni. Asidi amino haiwezi kuundwa bila naitrojeni. Chipukizi za chai zina naitrojeni nyingi kiasi kwamba tani moja ya chai iliyokauka huondoka shambani na kilo 40 hivi za naitrojeni. Mbolea ya NPK 26:5:5 ambayo wakulima wadogo hupata kupitia KTDA, shirika linalosimamia viwanda vyao vya chai, na kukatwa kwenye malipo yao imepewa namba hiyo kubwa ya kwanza kwa sababu hiyo: 26 ni asilimia ya naitrojeni. Mizizi huitumia, pamoja na mengine, kutengeneza theanini, asidi amino ya pekee iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1949, inayopanda hadi kwenye chipukizi na kuleta ladha laini.

Lipidi: kuta zinazovuja

Ule utando unaotenganisha katekini na kimeng'enya ni lipidi: safu mbili za molekuli zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Ni mwembamba kupita kiasi cha jicho kuona, lakini bila huo hakuna seli.

Wakulima wa Kericho na Bomet wanaujua utando huu kwa machungu. Mwanzoni mwa mwaka, usiku ukiwa mkavu na anga jeupe bila wingu, jalidi huweza kutua mabondeni. Maji huganda, barafu hupasua tando za seli, na jua likitoka majani hubadilika kuwa ya hudhurungi kana kwamba yamepitiwa na moto. Mvua ya mawe, ambayo nyanda hizi huipata mara nyingi, huleta madhara hayohayo kwa njia nyingine: jiwe huchana jani, tando hupasuka, kimeng'enya hukutana na katekini, na ukingo wa jeraha huwa mwekundu. Kemia inayompa mkulima mapato kiwandani ndiyo inayomwonyesha hasara yake shambani.

Lipidi ndizo pia chanzo cha harufu. Jani linapochanwa, vimeng'enya vingine huvunja mafuta ya tando kuwa molekuli ndogo zinazopaa hewani, na hizo ndizo harufu ya kijani mbichi inayomlaki mtu karibu na kiwanda. Rangi za karotini zilizoyeyuka katika mafuta ya jani nazo huvunjika na kutoa manukato ya maua. Kwa wingi ni vitu vidogo mno, lakini pua ya mwonjaji haivikosi.

Asidi nukleiki: kitabu ambacho kila kichaka hubeba

Kiasi cha katekini, nguvu ya kimeng'enya na uvumilivu wa ukame vimeandikwa katika DNA. Seli ya chai ina kromosomu 30. Mwaka 2017 wanasayansi wa China walichapisha usomaji wa DNA ya chai ya jamii ya Assam, jamii ambayo sehemu kubwa ya chai ya Kenya inatokana nayo, wakakuta takriban herufi bilioni tatu, sawa karibu na za binadamu.

Mbegu ya chai huchanganya DNA ya wazazi wawili, kwa hiyo miche ya mbegu haifanani. Wakulima wengi leo hupanda vipandikizi: kijiti kifupi chenye jani moja hukatwa kwenye kichaka mama, hupandwa katika karatasi ya nailoni kwenye kitalu chenye kivuli, na huwa mche wenye DNA ileile. Ukitazama mteremko mzima wa kijani ulionyooka, huenda unatazama mmea mmoja uliorudiwa maelfu ya mara. Faida yake ni ubora usiobadilika. Hatari yake ni kwamba ugonjwa au ukame unaoshinda kichaka kimoja unaweza kuvishinda vyote, kwa hiyo mkulima mwenye aina mbili au tatu shambani yuko salama zaidi.

Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Timbilil, Kericho, ambayo sasa iko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, imefanya kazi hii ya kuchagua kwa miongo mingi. Aina ya TRFK 6/8 ilienea mashambani kwa sifa ya kikombe chake. Mwaka 2011 ikatolewa TRFK 306/1, chai ya zambarau, baada ya utafiti wa karibu miaka 25. Majani yake yana rangi hiyo kwa sababu jeni zake huagiza anthosiani kwa wingi, zile rangi zilizomo pia katika kabeji ya zambarau. Wengine walioipanda mapema walilazimika kusubiri soko. Somo lake ni zito: kupata mpangilio mzuri wa jeni huchukua robo karne, na mnunuzi asipoandaliwa mapema, mkulima ndiye anayebeba gharama ya kungoja.

Kuna uzi mwingine unaounganisha asidi nukleiki na kikombe. Kafeini hutengenezwa na mmea kwa kutumia malighafi ileile ya baadhi ya herufi za DNA. Kwa sababu ya kufanana huko, kafeini ikifika ubongoni hukaa mahali pa adenosini, kitu ambacho mwili hukitumia kujulisha kwamba umechoka. Mfanyakazi wa zamu ya usiku kiwandani hukesha kwa msaada wa jamaa wa herufi za urithi.

Kibuyu na sufuria

Ushahidi kwamba watu wa nyanda hizi wamezifanyia kazi molekuli hizi tangu kale uko katika mursik. Kibuyu husafishwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kisha maziwa humiminwa na kufungwa kwa siku kadhaa au zaidi. Bakteria hula sukari ya maziwa na kuigeuza asidi. Asidi ikizidi, kaseini, protini kuu ya maziwa, hupoteza uwezo wa kuelea na hugandamana. Mafuta hubaki yamenaswa humo na kuleta ulaini. Sukari imekuwa asidi, asidi imegandisha protini, na ukali huo umezuia vijidudu vingi vya kuharibu. Waliobuni njia hiyo hawakuwa na mizani ya kupimia asidi. Walikuwa na ulimi, subira na kumbukumbu.

Kaseini hiyohiyo hufanya kazi nyingine katika sufuria ya chai ya maziwa. Ukakasi wa chai ya rangi hutokea polifenoli zinaposhika protini za mate na kuzifanya zikose utelezi. Maziwa yakiongezwa, polifenoli hushikamana na kaseini kwanza, na ulimi hupumzishwa. Chai kali ya Kenya hustahimili maziwa mengi kwa kuwa ina polifenoli za kutosha kugawana.

Sababu zifike kwa mkulima

Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, kituo cha utafiti cha Timbilil na viwanda kila baada ya kilima. Bomet ina viwanda vyake na maelfu ya wakulima wadogo. Ni vigumu kupata mahali pengine Kenya ambapo somo la molekuli za uhai liko karibu hivi na maisha ya wanafunzi. Mwalimu anayefundisha vimeng'enya anaweza kugawa majani mawili kwa kila mwanafunzi: moja lisuguliwe kwa vidole, la pili litumbukizwe kwanza katika maji yanayochemka kisha lisuguliwe. Baada ya muda mfupi la kwanza litaanza kuwa hudhurungi, na la pili litachelewa au lisigeuke kabisa. Jaribio hilo halihitaji bajeti, na mtoto atalipeleka nyumbani kwa mzazi anayeuza majani.

Maofisa wa ugani na viongozi wa vituo nao wana wajibu. Mtu akiambiwa asishindilie gunia, atatii siku anayochungwa. Akielezwa kwamba ndani ya gunia kuna protini inayoanza kutengeneza chai kabla ya wakati, ataacha kushindilia hata akiwa peke yake, na atamkanya jirani yake, kwa sababu majani yao yataingia katika mashine moja na kuuzwa kwa bei moja. Akijua kwamba wanga wa mizizi ndio chakula cha kichaka kilichokatwa, hatapogoa katikati ya ukame kwa kuwa tu jirani amepogoa. Akijua kwamba naitrojeni ndiyo malighafi ya kila chipukizi, atadai mbolea ifike kwa wakati, na atadai akiwa na hoja mkononi.

Elimu hii ni ya mkulima kabla ya kuwa ya maabara, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kushika molekuli hizi kila asubuhi na ndiye wa mwisho kulipwa zinapoharibika. Vituo vya kununulia vingeanza kwa jambo dogo: karani anaporudisha majani, aseme na sababu.